Istilahi nzuri humfikia hata fundi

Juzi hapa Ruiru, mwanafunzi mmoja wa chuo aliniletea tafsiri yake niihakiki. Kichwa kilisema: ‘Nyuso za muundo-nano zinazorekebishika kwa uchakataji wa kasi wa taswira’. Kisarufi sikuona kosa, upatanisho wa ngeli uko sawa. Lakini nilipomsomea jirani yangu, fundi wa simu anayeshinda akifungua kamera, aliniuliza: “Kwani mwalimu, hizo nyuso zimeharibika wapi?”

Swali lake lina mashiko. Kwa wazungumzaji wengi, kinachorekebishwa kina kasoro. Nao uso, japo twasema uso wa bahari, ukiwa katika wingi humpeleka msikilizaji moja kwa moja kwa sura za watu.

Mwanafunzi angeanza na kitu chenyewe. Ni utando wenye vinguzo vidogo kuliko urefu wa wimbi la mwanga, ambao kwa mwanga tunaouona ni takriban nanomita 400 hadi 700. Milimita moja ina nanomita milioni moja. Mwanga unaobeba taswira ukipenya humo, huchujwa: kwa mfano, kingo za umbo hupita, sehemu zilizo sare huzuiwa. Kazi huisha mwanga unapopita tu, kabla ya kompyuta kuguswa. Tena, kwa joto au umeme, utando uo huo waweza kubadilishwa ufanye kazi nyingine.

Je, lugha yetu haina neno? Mpiga ngoma huiotesha motoni ili ngozi ikaze na sauti ipande. Ngoma yake haikuwa mbovu. Ngozi hiyo imewambwa, na kutokana na kuwamba tunapata kiwambo. Napendekeza basi: ‘viwambo-nano badilifu vya kuchuja taswira’.

Wapo watakaopinga kuwa kiwambo tayari ni skrini. Pingamizi hilo lina uzito, kwani skrini huonyesha, hiki huchuja. Ndiyo maana kitenzi kuchuja kisiachwe nje.

Nilimrudia fundi na jina jipya. “Aah! Kumbe ni kama chujio la chai, ila la mwanga.”

Mwanafunzi sikumkata alama. Sisi walimu ndio tuliomzoesha kutafsiri neno kwa neno, kamusi mkononi, bila kuuliza kitu chenyewe hufanya nini.