Pongezi kwa Mafundi wa Sanamu za Ngoma Usukumani

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa 2012, lakini sanaa yake ya hadharani ina umri mkubwa kuliko mipaka hiyo. Bariadi, Maswa na kwingineko Usukumani, mavuno yakishakwisha, vyama viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu, hukabiliana uwanjani. Ngoma mbili huchezwa kwa wakati mmoja, na hakuna jaji wa kalamu na karatasi: kundi lililovuta watu wengi ndilo mshindi.

Hapo ndipo fundi wa sanamu anapohitajika. Mtu wake wa mti, mrefu, mikono ikiwa imeungwa kwa viungo, hunyanyuliwa na kuchezeshwa mpaka watazamaji wa upande wa pili wahame. Si kazi laini kama vinyago vya kuuzia watalii, wala haikukusudiwa kuwa laini. Lazima ionekane kwa mbali, ndani ya vumbi.

Baadhi ya sanamu hizo ziliishia kwenye makumbusho ya Ulaya, zimesimama tu, nyingi bila jina la mchongaji. Picha za sanamu hizo ni nzuri, nakubali, ila hakuna picha inayoonyesha ule mkono ukipunga. Manju, kiongozi wa nyimbo za ngoma, hukumbukwa kwa jina. Fundi aliyemjazia uwanja naye alistahili hivyo hivyo.