Mita 250 za Bomba Moja: Hesabu Iliyo Mkononi mwa Mpulizaji

Anayenunua bomba la kupulizia dawa huanza na swali la lita. Bomba hili linabeba ngapi? Jibu la duka litamwambia uzito atakaoubeba begani. Halitamwambia eneo gani litapata dawa ya kutosha, na hilo ndilo lililompeleka dukani. Hapa kwetu ipo kazi ambayo swali hilo limejibiwa kwa sekunde na sentimita, nayo ni upuliziaji wa dawa ukoko majumbani dhidi ya mbu wa malaria. Ukiielewa hesabu yake, unaielewa hesabu ya kila bomba la mkono.

Kazi yenyewe si ngeni. Katikati ya miaka ya 1950 ilifanyika katika mradi wa Pare na Taveta, kwenye mpaka wa Tanganyika na Kenya, ambako kuta zilipuliziwa dieldrin. Zanzibar ilipuliziwa katika miaka hiyo na ya 1960. Upuliziaji ulipokoma, malaria ilirejea. Mwaka 2006 visiwa vilianza tena, safari hii kwa lambda-cyhalothrin, na mwaka uliofuata kazi ikaanza Muleba mkoani Kagera. Mbu walipoonesha usugu, dawa ikabadilishwa ikawa bendiocarb, kisha pirimiphos-methyl. Lakini wakati majina ya dawa yakibadilika, kipimo kimoja kilibaki palepale.

Kitazame kwenye pakiti. Pakiti ya lambda-cyhalothrin ilikuwa na gramu 62.5 za unga wenye asilimia 10 ya kiuatilifu, yaani gramu 6.25 za dawa halisi. Ukuta unahitaji gramu 0.025 kwa mita ya mraba. Gawanya: mita za mraba 250. Pakiti ya bendiocarb ina gramu 125 zenye asilimia 80, yaani gramu 100 halisi, na ukuta unahitaji gramu 0.4. Gawanya tena: 250. Chupa ya pirimiphos-methyl ina mililita 833 zenye gramu 250 halisi, na ukuta unahitaji gramu 1. Jibu ni lilelile. Dawa tatu za koo tofauti zimefungashwa ili pakiti moja iingie katika bomba moja na kumaliza mita za mraba 250. Eneo lilipangwa kabla bomba halijatiwa maji, na kazi ya mpulizaji ni kulitimiza, bila kuzidisha wala kupunguza.

Analitimizaje? Kwanza kwa nozeli. Nozeli ya kazi hii huandikwa 8002E, na namba hizo zina maana. 80 ni nyuzi za pembe ya mnyunyizo unapotoka. 02 ni mtoko wake: sehemu mbili za kumi za galoni ya Marekani kwa dakika, presha ikiwa psi 40, yaani mililita 757. E huonesha kwamba dawa inaenea kwa usawa katika upana wote wa mnyunyizo, haijazani katikati na kufifia pembeni.

Pili kwa umbali. Nozeli ikiwa sentimita 45 kutoka ukutani, pembe hiyo ya nyuzi 80 huchora mkanda wa sentimita 75. Mikanda miwili hulaliana sentimita 5 ili pasibaki mwanya, kwa hiyo kila mkanda unafunika sentimita 70 mpya.

Tatu kwa mwendo. Mkono hushuka kutoka juu hadi chini, mita moja kwa sekunde 2.2. Mpulizaji hupiga hatua moja pembeni, kisha mkono hupanda kutoka chini hadi juu kwa mwendo uleule. Ukuta wa mita 2.5 unachukua sekunde 5 na nusu. Zidisha sentimita 70 kwa mwendo huo, unapata mita za mraba 19 kwa dakika. Mililita 757 zikigawanywa kwa mita 19, kila mita ya mraba inapata takriban mililita 40. Lita 10 zinafika mita 250, baada ya dakika 13 za nozeli iliyo wazi.

Hapo ndipo unapouona uzito wa mkono. Mpulizaji anayetaka kumaliza mapema, akapitisha mita moja kwa sekunde 1.6 badala ya 2.2, ameupa ukuta mililita 29 badala ya 40. Ukuta umelowa, mwenye nyumba ameridhika, orodha imejazwa, lakini zaidi ya robo ya dawa haipo. Mbu aliyeshiba damu akitua hapo anaweza kupata kiasi kisichomuua. Mwenzake anayekawia, sekunde 3 kwa mita, anamwaga karibu mililita 55. Dawa inachuruzika hadi sakafuni, na pakiti ya mita 250 inaishia mita 183. Nyumba ya mwisho ya siku hiyo ndiyo inayolipa.

Umbali nao hauna huruma. Nozeli ikisogezwa hadi sentimita 30, mkanda unakuwa na upana wa sentimita 50 tu. Mpulizaji akiendelea na hatua yake ya sentimita 70, kila mkanda unaacha mstari wa sentimita 20 mkavu kabisa, huku ulipopita ukipokea dawa kupita kiasi. Akiirudisha nozeli nyuma mno, matone hupeperuka kabla ya kugusa ukuta, na wa kwanza kuyavuta ni yeye mwenyewe.

Kuna kosa jingine ambalo jicho halilioni, nalo ni presha. Bomba la aina hii hujazwa dawa kwa sehemu tu, nafasi iliyobaki ikaachiwa hewa, kisha hupampwa hadi psi 55. Kadiri dawa inavyotoka, hewa inapata nafasi na presha inashuka, hadi psi 25 ambapo ni lazima kupampu upya. Mtoko wa nozeli hufuata kipeuo cha pili cha presha: kwenye psi 55 zinatoka mililita 888 kwa dakika, kwenye psi 25 zinatoka 598. Kwa mkono uleule usiokosea, chumba cha kwanza kimepata mililita 47 kwa mita na cha mwisho 31. Tofauti hiyo ni theluthi nzima, na wala si kosa la mtu.

Dawa ya tatizo hilo ni kifaa kidogo: valvu ya kudhibiti presha, inayofungwa karibu na nozeli na kuishikilia presha kwenye bar 1.5 hata tangi likiwa linaishiwa nguvu. Mtoko unatulia karibu na mililita 580 kwa dakika, na kila mita inapata takriban mililita 30. Maji yamepungua lakini dawa halisi haijapungua, kwa sababu pakiti sasa inachanganywa katika lita 7.5. Gawanya kwa 30: tumerudi kwenye 250. Mpulizaji amebeba mzigo mwepesi zaidi na chumba cha mwisho kimepata haki sawa na cha kwanza.

Lakini hata valvu haiwezi kuiokoa nozeli iliyolika. Dawa za unga husugua tundu kila zinapopita, na tundu likipanuka mtoko unaongezeka. Kipimo chake ni rahisi: maji matupu, jagi lenye alama, saa, dakika moja. Nozeli za kauri hustahimili zaidi ya zile za shaba, lakini hakuna isiyolika.

Sasa ipeleke hesabu hii nyumbani. Chukua nyumba ya vyumba vitatu, kila kimoja mita 3 kwa 3, kuta za mita 2.5. Kuta ni mita za mraba 90 kabla ya kutoa milango na madirisha, dari 27. Jumla 117. Bomba moja linatosha nyumba mbili kama hizo, na nozeli inakuwa wazi kwa dakika 6 hivi kwa kila nyumba. Muda uliobaki wa siku unakwenda kwenye mambo mengine: kumweleza mama mwenye nyumba, kutoa vyungu na vyakula, kusogeza vitanda katikati na kuvifunika, kuhakikisha watu wametoka na watakaa nje saa mbili kabla ya kufungua madirisha. Anayepima kazi kwa idadi ya nyumba peke yake anamsukuma mpulizaji kuziiba sekunde, na sekunde zinazoibiwa ni zile za ukutani.

Mkulima mwenye bomba la mgongoni hana haja ya kukariri namba hizi. Achukue mbinu yake. Tia maji matupu, pima mtoko wa dakika moja. Pulizia eneo ulilolipima kwa mwendo wako wa kawaida, hesabu dakika. Zidisha mtoko kwa dakika, gawanya kwa mita za mraba, na utajua kila mita inapata kiasi gani. Ndipo usome lebo na uchanganye. Kuanza na kifuniko kimoja kwa kila bomba bila kipimo hiki ni kununua dawa kwa fedha na kuimwaga kwa kubahatisha.

Ninayasisitiza haya kwa sababu bajeti inapobanwa, dawa hununuliwa kwanza, na siku za mazoezi hupunguzwa kirahisi: siku za kupulizia maji kwenye ukuta uliochorwa mistari ya chaki, msimamizi akishika saa, hadi mkono uzoee sekunde 2.2 bila kuhesabu. Nozeli mpya nazo huahirishwa. Huo si ubanaji wa matumizi. Pakiti imeahidi mita 250, na bila mkono uliofunzwa ahadi hiyo haitimii. Siku za mazoezi na nozeli mpya ni sehemu ya kipimo cha dawa, na ziingizwe kwenye bajeti pamoja nayo.