Miaka mitano tu, na moshi wote huu!

Nimeizibua jioni hii, nimeionja mara tatu, na silali kabla sijaandika. Wiski ya Ardbeg Wee Beastie! Ina miaka mitano tu, rangi yake kama mafuta ya alizeti, na harufu ilinifikia hata glasi haijapanda puani.

Ni moshi, lakini si wa kuni zinazowaka. Ni moshi wa samaki aliyebanikwa akalazwa hadi asubuhi, umechanganyika na lami mbichi, na ukivuta subira kidogo inakuja pilipili manga iliyotwangwa sasa hivi. Halafu peasi. Nikanusa tena nisije nikawa nimejidanganya: peasi, tamu kabisa, katikati ya lami!

Na kinywani jamani! Kilevi ni asilimia 47.4, kinatua ulimini kama kaa la moto, nawe unajiandaa kuungua, kumbe kinafunguka: chokoleti, chumvi, vanila, kitu kama utomvu wa msonobari. Nimemeza, dakika nzima imepita, moshi bado umekaa kooni, sasa una uchungu mzuri wa kakao. Aliyekunywa maziwa ya kibuyu kilichofukizwa atanielewa: moshi umeingia kwenye kinywaji ukawa ladha yake.

Kiwanda cha Ardbeg kiko Islay, kisiwa cha magharibi mwa Uskoti, kwenye pwani ya kusini ambako viwanda vya Laphroaig na Lagavulin ni majirani zake, nao wote wanapenda moshi. Kimekuwepo tangu 1815. Kuni za kisiwa kile ni piti, yaani mimea ya kinamasi iliyooza nusu kwa karne nyingi, ikakatwa vipande na kukaushwa. Shayiri huloweshwa, ikishachipua hukaushwa kwa moshi wa piti hiyo, na moshi ukishaingia kwenye kimea hautoki: unavuka chachu, unavuka kukenekwa, unaingia hadi ndani ya pipa.

Pipa ndilo linaloupunguza. Kila mwaka mwaloni unaongeza utamu wake, na moshi unazidi kunyamaza. Ndiyo maana naukataa kabisa ule usemi kwamba wiski changa ni ya kuvumiliwa tu mpaka upate fedha za kununua kongwe. Kwa wiski ya moshi, uchanga ni neema! Sheria ya Uskoti inadai miaka mitatu tu ndani ya mwaloni. Hii imekaa mitano, sehemu kwenye mapipa yaliyowahi kubeba bourbon ya Marekani, sehemu kwenye yaliyobeba sheri ya Oloroso, na imetoka na moto wake wote. Tena wameandika 5 waziwazi kwenye chupa, umri wa tone changa kuliko yote yaliyomo, ilhali wiski ngapi changa huuzwa bila kutaja umri wowote! Nimeipenda kwa hilo peke yake. Ilipoingia sokoni 2020 ilikuja kwa bei ya chini kuliko kaka yake wa miaka 10, na mimi leo, kati ya hao wawili, namchukua mdogo.

Anayetafuta ulaini wa asali asije hapa. Mnuso wa kwanza una ukali wa kukutoa machozi. Nilitia matone manne ya maji, si zaidi, na ukali ukajiweka pembeni: peasi ikaja mbele, pakatokea na harufu ya mkaratusi ambayo sikuwa nimeiona kabisa. Barafu siitii. Barafu ingeufunga mlango huo.

Glasi ya kwanza niliiacha dirishani, imeshakauka. Nimeinusa sasa hivi: majivu yaliyopoa na kakao, vimeng'ang'ania kioo kikavu. Nimeshainusa mara tano!