Valvu ya Gesi Ihukumiwe kwa Uthabiti Wake

Mafundi wengi wa redio za valvu wakiichomeka 0A2, valvu ya gesi ya kudhibiti volti, na mita ikaonyesha 146 badala ya 150, huiweka kando kama mbovu. Hukumu hiyo si ya haki. Viwanda vilivyozitengeneza viliruhusu valvu mbili mpya za jina moja zipishane kwa volti kadhaa. Kazi ya 0A2 ni kuishikilia volti yake, iwe ipi, wakati mkondo unapotoka miliampea 5 hadi 30. Inayosimama imara kwenye 146 inaishinda ile ya 150 kamili inayorukaruka.

Ushahidi unaonekana kupitia kioo. Gesi ikishawaka, mwanga hufunika sehemu tu ya kathodi. Mkondo ukiongezeka, mwanga hutanda, na kwa kuwa kila sehemu iliyowaka hubeba kiasi kilekile cha mkondo, volti hupanda kidogo tu. Basi uongeze mkondo polepole huku ukitazama: mwanga ukitanda kwa utulivu, hiyo ni valvu nzuri. Mwanga ukihama ghafla kutoka doa hadi doa, na sindano ya mita ikaruka pamoja nao, usiitumie mahali penye kuhitaji utulivu. Ijaribu gizani pia, kwa sababu baadhi ya valvu huwaka upesi mchana na kukawia usiku.

Hata hivyo, katika nyanda za chai za Kericho na Bomet mwenye kosa mara nyingi si valvu. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na unyevu hutia kutu kwenye pini na soketi. Mguso mbaya nao huirusha sindano vilevile. Safisha pini kwanza, kausha soketi, iache valvu iwake dakika kadhaa, kisha ndipo upime, na kila valvu ipimwe kwa mkondo uleule. Waonjaji wa chai hawalinganishi vikombe vilivyotiwa majani kwa vipimo tofauti, na fundi naye asilinganishe valvu zilizobeba mikondo tofauti.

Yupo atakayesema kwamba chombo cha kupimia kinahitaji volti kamili, si uthabiti tu. Ni kweli, lakini 0A2 haikuundwa kwa kazi hiyo. Kwa rejeo ilitengenezwa 85A2, ambayo kwa miliampea 6 hukaa kati ya volti 83 na 87, na hata hiyo chombo hurekebishwa kuifuata. Mwingine atauliza kwa nini tusiweke dayodi za zena na kumaliza shughuli. Kwa redio ya kusikiliza tu zinatosha, mradi zihimili joto: volti 150 kwa miliampea 20 ni wati 3. Lakini usiichomoe 0D3, valvu nyingine ya gesi ya kudhibiti volti, bila kuangalia mchoro, kwani ndani yake kuna waya unaounganisha pini ya 3 na ya 7, na katika vyombo vingine umeme wote hupita hapo. Na kabla ya kugusa chochote, zima umeme na utoe chaji ya kapasita, kwa maana volti hizi huua.