Ladha ya karanga isiyotoka kwenye karanga

Anayetaka kujichanganyia nyumbani juisi ya vepu yenye ladha ya tumbaku na karanga, akawa anaishi jirani na gare ya Nyabugogo, kituo cha mabasi cha Kigali, atadhani ana bahati. Karanga za kukaanga huuzwa kwa abiria kabla basi la Huye au Musanze halijaondoka, zimefungwa kwenye karatasi, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Rwanda tangu 2008. Jani kavu la itabi, yaani tumbaku, bado linapatikana masokoni kwa ajili ya wazee wenye viko vyao. Gliserini imejaa kwenye maduka ya vipodozi, Muhima hadi Kimisagara. Vitu vitatu tu, na pishi linaonekana limekamilika. Kasoro ni kwamba hata kimoja kati ya hivyo vitatu hakifai kuingia kwenye chupa, na atakayeelewa sababu zake ameshaelewa sehemu kubwa ya kazi hii.

Tuanze na ladha yenyewe. Harufu tunayoiita ya karanga haimo kwenye karanga mbichi; huzaliwa kikaangoni. Moto ukipanda, sukari na asidi za amino zilizomo ndani ya punje huungana na kutoa jamii ya kemikali ziitwazo pirazini. Ndizo hizo hizo zinazonukia kwenye kakao, kwenye kahawa iliyokaangwa na kwenye ganda la mkate uliotoka tanuruni. Pua huzinasa hata zikiwa chache mno.

Tumbaku nayo hupata harufu hiyo kwa njia inayofanana, ila si kila tumbaku. Wakulima wa Tanzania wanatofautisha tumbaku ya mvuke, ile ya Tabora na Urambo, na tumbaku ya moshi ya Songea na Namtumbo, na tumbaku ya hewa, yaani Burley. Jani la mvuke hukaushwa kwa joto la bani, yaani nyumba ya kukaushia tumbaku, ndani ya siku chache. Linakufa upesi na sukari yake inabaki, mara nyingi zaidi ya asilimia 15. Jani la Burley huning'inizwa kivulini kwa wiki kadhaa. Huko juu bado linapumua, na kwa kuwa halina chakula kingine linaila sukari yake lenyewe hadi inakaribia kwisha. Ndiyo maana Burley, iliyoanza kulimwa Ohio, Marekani, mwaka 1864 na leo ikawa uti wa mgongo wa mauzo ya nje ya Malawi, ni kavu mdomoni na haina utamu. Lakini jani lake ni kama sponji. Kiwandani hulowekwa kwenye kakao, likorisi na sukari, kisha hupitishwa kwenye joto. Sukari ya nje inakutana na naitrojeni ya ndani, pirazini zinazaliwa. Kazi inamaliziwa na mvutaji mwenyewe, kwa kaa la sigara linalokaribia nyuzi 900 kila anapovuta.

Sasa mpe mtu huyo vepu. Hapa hakuna kaa. Koili inayofanya kazi vizuri hufika nyuzi 200 hadi 250 au zaidi kidogo, na kazi yake ni kugeuza kimiminika kuwa mvuke. Yote ambayo bani, kiwanda na moto wa sigara vilifanya kwa zamu lazima yawe yamekwisha kabla chupa haijafungwa. Mchanganyaji ndiye mpishi. Koili ni mhudumu tu anayebeba sahani.

Ukishalishika hilo, vile vitu vitatu vya sokoni vinaanguka kimoja kimoja.

Karanga ukiziloweka hazitoi harufu ya maana, zinatoa mafuta na protini. Mafuta hayageuki mvuke safi; yanarushwa kama matone na kutua mapafuni, ambako mwili hauna namna nzuri ya kuyaondoa, na huweza kuleta nimonia ya mafuta. Marekani walijifunza jambo la jamii hiyo mwaka 2019. Watu walianza kulazwa wakiwa hawawezi kupumua, na hadi Februari 2020 walikuwa wamefika 2,807, huku 68 wakiwa wamefariki. Wengi wao walikuwa wakivuta mafuta ya bangi, si juisi ya nikotini, na mshukiwa mkuu alikuwa aina ya vitamini E iliyotumika kuyaongeza ujazo. Vitamini hiyo mtu anaweza kuimeza bila shida. Tumbo na pafu havina sheria moja. Tusisahau pia mgeni aliye sebuleni mwako mwenye mzio wa karanga.

Jani la itabi lina watetezi wake, na wana hoja. Wapo wanaoliloweka kwa wiki kadhaa kwenye propilini glikoli, kimiminika kinachochanganywa na gliserini kwenye juisi ya vepu, wakalichuja na kulichuja tena, wakapata ladha ya tumbaku ambayo hakuna chupa ya dukani inayoifikia. Nakubali kwamba ladha ni nzuri. Lakini pamoja na ladha wanachota sukari na nta zinazoganda kwenye koili kama masizi ya sufuria, wanachota nikotini wasiyojua kiasi chake, na wanachota naitrosamini, kundi la kemikali zinazosababisha saratani. Burley, ile yenye karanga nyingi, ndiyo yenye naitreti nyingi, kwa hiyo huwa na naitrosamini nyingi kuliko jani la mvuke. Mtu aliyehama sigara kwa kukimbia sumu hizo, halafu akazifuata kwa kichujio cha kahawa, sijui amehama nini.

Gliserini ndiyo inayowaponza wengi, kwa sababu jina ni lile lile. Kile kichupa cha kupaka ngozi huenda kimetiwa manukato au maji, na hata kikiwa na gliserini tupu hakikutengenezwa kwa ajili ya pafu. Inayotakiwa ni gliserini ya daraja la dawa, yenye cheti cha maabara kinachotaja namba ya toleo. Si urasimu. Dayethilini glikoli, sumu inayoua figo, ni tamu na rahisi, na imewahi kujipenyeza kwenye gliserini na propilini glikoli mara nyingi duniani. Mwaka 2022 huko Gambia, Shirika la Afya Duniani lilihusisha dawa za kikohozi zilizochafuliwa na vifo vya watoto 66. Aprili 2024, baada ya Nigeria kutangaza kwamba vipimo vyake vimeikuta sumu hiyo kwenye toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto, Rwanda, Kenya na Tanzania nazo ziliagiza toleo hilo liondolewe madukani. Ikiwa viwanda vya dawa vinaweza kujikuta hapo, kichupa kisicho na cheti hakina pa kusimamia.

Basi inachanganywaje? Chukua chupa ya mililita 30, nikotini miligramu 3 kwa kila mililita, gliserini asilimia 70. Nikotini inunuliwe ikiwa imeshapunguzwa hadi miligramu 20 kwa mililita, kiwango cha juu ambacho Umoja wa Ulaya unaruhusu kwenye juisi za rejareja. Hesabu: 3 mara 30 ni 90, gawa kwa 20, unapata mililita 4.5. Ladha zote kwa pamoja asilimia 8, yaani mililita 2.4. Gliserini mililita 21. Zinazobaki, mililita 2.1, ni propilini glikoli.

Wengine hununua nikotini ya miligramu 100 kwa mililita kwa sababu ni nafuu. Kichupa kimoja cha mililita 30 cha nguvu hiyo kina miligramu 3,000, zinazotosha kuua zaidi ya mtu mzima mmoja, na nikotini hupenya ngozi. Wavunaji wa tumbaku wanalijua hilo bila maabara: anayebeba majani yenye umande hurudi nyumbani na kizunguzungu na kutapika. Kwenye nyumba yenye watoto, bei nafuu hiyo siioni kuwa nafuu. Glovu ni lazima kwa vyovyote, na meza ya kulia chakula si mahali pake.

Kwenye zile asilimia 8 ndipo ufundi ulipo. Mgawanyo ninaouona umekaa sawa ni huu: tumbaku ya mtindo wa Burley asilimia 5, njugu ya hazeli 2, kakao nusu, na asetili pirazini nusu, hiyo ya mwisho ikiwa myeyusho wa asilimia 5. Asetili pirazini ndiyo kikaango chenyewe. Nusu asilimia inakausha ladha na kuipa harufu ya kitu kilichopitishwa motoni. Ukizidisha hadi 2, karanga inapotea na kinabaki kifuko cha bisi. Hazeli inajaza katikati, kwa kuwa pirazini peke yake ina harufu bila mwili. Kakao inafanya kazi ile ile iliyofanya kiwandani. Sukari usiweke, wala asali. Huungua kwenye koili na kutoa kemikali chungu na zenye madhara.

Kwenye ladha za njugu na maziwa kuna mtego mwingine. Nyingi hutengenezwa kwa diasetili au binamu yake asetili propionili, zinazoleta ule ulaini wa siagi. Mwaka 2000, wafanyakazi 8 waliowahi kuwa kwenye kiwanda cha bisi huko Jasper, Missouri, waliripotiwa kuwa na ugonjwa unaoziba njia ndogo za hewa bila kurudi nyuma, na uchunguzi ukaelekea kwenye mvuke wa ladha ya siagi. Mwaka 2015, watafiti wa Harvard walipima ladha 51 za vepu wakaikuta diasetili kwenye 39. Kwa hiyo hazeli ichaguliwe ile ambayo mtengenezaji ametoa vipimo vyake kuonyesha haina kemikali hizo mbili. Maneno ya “asilia” kwenye lebo hayasemi lolote hapo.

Kupima kwa matone ni kujidanganya, maana tone la gliserini na tone la propilini glikoli hazilingani. Tumia mizani ndogo ya sonara inayosoma hadi 0.01 ya gramu. Weka chupa juu yake, rudisha kwenye sifuri kila unapomaliza kiungo kimoja. Gliserini ni nzito, hivyo mililita 21 zitasoma kama gramu 26.5, nikotini kama 4.7, propilini glikoli kama 2.2. Asetili pirazini itakuwa kama 0.15 tu, na hapo ndipo utajua kwa nini mizani ya jikoni haifai.

Tikisa sana, kisha iache kabatini gizani. Siku ya kwanza itanukia manukato na ukali, usiihukumu. Juisi za matunda huvutika mapema, za tumbaku wachanganyaji wengi huzisubiri wiki 2 hadi 4. Rangi ikigeuka ya chai isikutishe, ni nikotini iliyokutana na hewa.

Upande wa sheria usiupuuze. Rwanda ina sheria ya kudhibiti tumbaku tangu 2013, na shisha ilipigwa marufuku nchini Desemba 2017. Jirani ni mkali zaidi: sheria ya Uganda ya 2015 inakataza kuingiza, kutengeneza na kuuza sigara za kielektroniki. Abiria wa basi la Kampala kutoka Nyabugogo anafika mpaka wa Gatuna baada ya saa chache tu. Chupa aiache nyumbani, kwenye kabati lenye kufuli, ikiwa na lebo yenye tarehe, kiasi cha nikotini na alama ya sumu.