Kioo Kilichopanda Kikakataa Kushuka

Motokaa kuukuu zizungukazo katika miji yetu ya pwani zina maradhi mengi, lakini ni machache yanayopotezewa fedha bure kama hitilafu za vioo na makufuli ya umeme. Kwani aghalabu mwenye gari, aonapo kioo kimekwama, huituhumu mota iliyo ndani ya mlango uleule, na fundi asiye na subira humwafiki, ikanunuliwa mota nyingine, na kioo kikabaki palepale kilipokuwa. Nimekusudia kuchambua kazi moja niliyoishuhudia katika gereji ya Mombasa, ambayo fundi wake aliitenda kwa utaratibu unaostahili kuandikwa, maana hakulegeza hata skrubu moja kabla ya kujua anakwenda kutafuta nini.

Gari lilikuwa Toyota Corolla ya aina ya AE110, ya nusu ya pili ya miaka ya 1990, usukani kulia. Mashtaka yake yalikuwa mawili: kioo cha abiria wa mbele kilikuwa kimepanda na hakishuki tena, na kufuli la mlango wa nyuma wa kushoto lilikuwa halifuati wenzake dereva afungapo. Swichi ya abiria ilikuwa imekwisha badilishwa kwingineko, na mota kadhalika, wala hapakuwa na nafuu yoyote.

Ili kazi yake ifahamike, yafaa kwanza tuelewe jinsi njia za umeme zilivyopangwa katika milango ya gari la namna hii. Mota ya kioo haina upande maalumu wa chanya wala wa hasi. Ina nyaya mbili tu, na umeme ukiingilia waya huu kioo hupanda, ukiingilia ule hushuka. Swichi isipobonyezwa, nyaya zote mbili hupumzika kwenye hasi. Ibonyezwapo, mmoja huhamia kwenye chanya, na wa pili husalia pale ulipokuwa ili uwe njia ya kurudia. Jambo wasilolijua wengi ni kwamba njia hiyo ya kurudia, kwa kioo cha abiria, haiishii katika mlango wa abiria. Hupita katika swichi yake, ikavuka chini ya dashibodi hadi mlango wa dereva, ikaingia katika swichi kuu, na huko ndiko ikutanako na hasi ya bodi. Kwa hiyo abiria abonyezapo swichi yake mwenyewe, na dereva hayumo hata garini, umeme wake hauna budi kupitia kwa dereva ndipo urejee betrini.

Fundi alianza kwa kuketi garini na kuiwasha taa ya ndani. Alihakikisha kwanza kwamba kitufe cha kuvizuia vioo vya abiria hakikubonyezwa, jambo dogo ambalo limekwisha wafedhehesha mafundi wakubwa, kisha akabonyeza swichi ya dereva upande wa kupandisha, kwa nukta moja tu. Kioo kilikuwa juu kabisa, hakikuwa na pa kwenda. Lakini mlango ulitoa mguno mfupi na taa ikafifia. Akabonyeza upande wa kushusha: kimya, na taa haikutikisika. Akaegemea upande wa pili akaijaribu swichi ya abiria, nayo ikajibu vilevile, mguno wa kupandisha na kimya cha kushusha.

"Basi mota hii mpya nayo ni mbovu?" akauliza mwenye gari, ambaye ni mwalimu wa chuo cha Kurani.

"Mota ni nzima, maalim," akajibu fundi. "Taa ilipofifia ndiyo mota iliyokuwa ikivuta umeme. Tuutazame mlango wako wewe."

Naona jibu hilo ndilo kiini cha kazi nzima, na hoja yake ni hii. Mota inayovuta umeme upande mmoja haiwezi kuwa imeungua, maana koili na makaa yake ni yaleyale kwa pande zote mbili. Lau waya wa kupandishia ungalikuwa umekatika baina ya milango miwili, swichi ya abiria ingalipandisha, kwa kuwa ina chanya yake papo hapo, lakini ya dereva isingaliweza, kwa kuwa chanya yake ingalilazimika kupita katika waya huohuo uliokatika. Swichi zote mbili zilipandisha; waya basi ulikuwa salama. Kilichobaki ni mahali pamoja tu, yaani kile kipande cha shaba ndani ya swichi kuu ambacho waya wa kupandishia hukiegemea wakati wa mapumziko, na ambacho ndicho njia ya kurudia kioo kinaposhushwa.

Ndipo alipolifungua kava la mlango wa abiria, ili kuithibitisha dhana yake kwa vipimo. Plagi ya mota haikuchomolewa. Alichomeka sindano ya mita kwa nyuma yake, huku swichi imebonyezwa upande wa kushusha. Waya wa chanya ulikuwa na volti 12 na ushei, kama ipasavyo. Waya wa kurudia, ambao ungepaswa kusoma karibu na sufuri, ulisoma volti 11 na kitu. Umeme ulikuwa umefika kwenye mota, umepita ndani yake, na ulikuwa unakosa pa kutokea.

Laiti angaliichomoa plagi na kupima baina ya nyaya zake mbili, mita ingemwonyesha volti 12 kamili na kumdanganya kwamba kila kitu ni salama. Mita ya kisasa ina ukinzani wa omu milioni 10 hivi, na kwa sababu hiyo huvuta umeme mdogo mno, usiozidi sehemu mbili za milioni za ampea moja. Hata mgusano mbovu huweza kuupitisha. Mota ya kioo huvuta ampea 5 au zaidi. Kwa kanuni ya Ohm, omu 1 tu ya uchafu katika njia yake hunyang'anya volti 5 katika zile 12, na kioo hujikokota. Zikiwa omu 10, husimama kabisa. Njia iliyochakaa ni kama kamba ya kisima iliyobakiwa na uzi mmoja, ambayo hustahimili ndoo tupu.

Swichi kuu ilipofunguliwa, mgusano ule ulikuwa mweusi kwa cheche za miaka mingi, na pembeni yake ukurutu wa kijani uletwao na maji ya mvua na hewa ya chumvi. Kwani kioo cha dereva ndicho kikaacho wazi kuliko vyote, na swichi iko chini yake. Fundi aliusugua kwa msasa mwembamba, akaupangusa kwa spiriti. Shaba ilikuwa bado nene; kama ingekuwa imelika, ningemshauri mtu yeyote anunue swichi nyingine kuliko kuendelea kusugua. Waya wa kurudia ulipopimwa tena, kioo kikishuka, haukufikia hata nusu volti.

Ama kufuli la nyuma, uchunguzi wake ulikuwa mfupi. Milango mitatu iliitii amri ya dereva, kwa hiyo fyuzi, na kile kijisanduku kinachoamrisha makufuli, havikuwa na hatia. Mota ya kufuli hupelekewa umeme kwa sehemu ya nukta tu, ambayo mita huenda isiidiriki, na fundi akatumia globu ya breki ya wati 21, ivutayo karibu ampea 2, akaiunga kwenye plagi ya kufuli kwa nyaya ndefu. Mlango ukiwa wazi kabisa, globu ilimeta kila kufuli lilipoamrishwa; ukirudishwa nusu, haikumeta.

Akaivuta raba iliyo baina ya mlango na nguzo, akaupitisha kila waya baina ya vidole viwili huku akiuvuta polepole. Mmoja ulinyumbuka kama mpira: ganda lake lilikuwa zima, na shaba ndani imekatika kwa kukunjwa kila mlango ulipofunguliwa. Hakuunga palepale, kwa kuwa lehemu huufanya waya kuwa mkavu, na mahali pakavu ndipo pakatikapo tena. Alitia kipande kipya cha waya laini, viungo vyake viwili vikaangukia nje ya raba, kimoja ndani ya nguzo na cha pili ndani ya mlango.

Kabla ya kurudisha kava, aligandisha upya nailoni iliyokuwa imebanduka chini ya mlango wa dereva, akazibua kwa waya matundu ya kutolea maji yaliyojaa mchanga.