Ruta ya Mkobani Ufukweni mwa Mweru

Waifai ya gesti niliyofikia Nchelenge, Zambia, kando ya Ziwa Mweru, ilitoka kwenye laini ya simu iliyochomekwa katika ruta ya mapokezi. Kila mgeni alipewa kikaratasi chenye nenosiri la kifaa kimoja. Tulikuwa wawili, na simu na kompyuta zetu zilizidi vikaratasi. Ruta ndogo ya safari, ile inayoenea kiganjani, hujiunga na waifai ya gesti kama mteja wa kawaida, kisha hurusha waifai yake yenyewe chumbani. Mapokezi wanaona kifaa kimoja tu. (Mwenye gesti nilimweleza mapema, alichojali ni bando lisimalizwe na filamu.)

Kinachokwamisha watu ni anwani. Ruta za safari za GL.iNet hutoka kiwandani zikitumia 192.168.8.1, na ruta nyingi za laini za Huawei hutumia iyo hiyo. Zikikutana, ya kwako haiwezi kutofautisha anwani yake na ya mapokezi: taa zinawaka, waifai inaonekana, intaneti hakuna, na lawama zote anabebeshwa mwenye mnara. Kabla ya kuunganisha chochote, badilisha ya kwako iwe, tuseme, 192.168.77.1.

Halafu kuna ukurasa wa kuingilia. Kifaa kipya kikiuliza tovuti fulani iko wapi, mtandao wa gesti hulidaka swali hilo la DNS na kujibu kwa anwani yake yenyewe. Ruta iliyowekewa VPN au DNS iliyosimbwa haidakiki, na ulinzi unaokataa majibu yenye anwani za ndani hulitupa jibu lenyewe, kwa hiyo ukurasa haufunguki kamwe. Zima vyote hivyo, fungua tovuti isiyotumia https, ingiza nenosiri, ndipo uwashe VPN. Ukurasa ukigoma, ingia kwa simu kwanza, kisha ipe ruta anwani ya MAC ya simu hiyo, ambayo ndiyo kitambulisho cha kifaa mtandaoni. Tangu Android 10 na iOS 14, simu hubuni MAC tofauti kwa kila waifai, basi nakili ile inayoonekana kwenye mipangilio ya waifai ya gesti yenyewe. Ukimaliza, zima waifai ya simu, maana vifaa viwili vyenye MAC moja hupokonyana mawasiliano.

Wako wanaolalamika kwamba ruta yenye redio moja hupokea na kurusha kwa zamu, hivyo kasi hupungua kwa karibu nusu. Ni kweli, lakini pale penye wembamba ni laini ya mapokezi, si redio yako.

Akiba yangu ilikuwa modemu ya USB yenye laini ya Zambia. Ng'ambo ya ziwa, kilomita 40 na ushee, ni mji wa Kilwa wa Kongo (si Kilwa yetu ya Lindi), na juu ya maji hakuna kilima wala mti wa kuzuia mawimbi. GSM ya kawaida hukoma kilomita 35 kutoka mnarani, kwa sababu simu ya mbali zaidi huchelewa zamu yake ya kurusha. 4G imeruhusiwa kufika 100. Mnara wa Kongo unaweza kukufikia, kwa hiyo usiiachie modemu ijichagulie mtandao. Zima utumiaji wa mitandao ya nje, kisha chagua kwa mkono mtandao wa msimbo 645, ambao ni wa Zambia. Wa Kongo ni 630. Ukiuacha utumiaji huo wazi, salio linaweza kuvuka mpaka bila pasipoti.

Umeme je? Ukame wa 2024 ulipolipunguza ziwa la Kariba, linaloendesha mitambo ya umeme, Zambia nzima ilizoea mgao wa saa nyingi. Ruta ya volti 5 hula umeme kidogo sana, na pawabenki ya mAh 10,000 huweza kuiwasha usiku kucha. Kasoro ni kwamba pawabenki nyingi hukata umeme kwa nukta moja chaja inapozimika, ruta ikajiwasha upya na huenda ukurasa wa kuingilia ukarudi. Ijaribu yako nyumbani kabla ya safari: chomoa chaja ukutani huku ukitazama taa ya ruta.